Fundi, umeweka nyuzi ngapi?

Nilikuwa likizo Iringa, na nimerudi Dar nikiwa na jambo limenikaa kooni. Najua wengi mnaopita hapa mnategemea siasa, na Mungu akipenda tutarudi huko. Leo naomba mnivumilie nizungumzie kifaa kimoja cha kwenye injini za zamani kiitwacho distributa. Kifaa chenyewe unaweza kukishika kwa mkono mmoja, lakini kimemlaza mjomba wangu bila kazi kwa wiki tatu, na nina hakika hayuko peke yake.

Mjomba ana pikapu ya Toyota Liteace, ile ya injini ya 5K, sentimita za ujazo 1,486, ya kabureta. Ni gari la zamani lakini ndilo shamba lake. Anabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa, anabeba nyanya za Ilula, akikosa mzigo wa shamba anahamisha watu vitanda. Ada ya binti yake aliye chuoni inatoka kwenye pikapu hiyo hiyo.

Siku moja aliona oili inavuja chini ya distributa. Kosa la kawaida kabisa. Pale inapoingilia kwenye injini kuna mpira mwembamba wa duara, ukichakaa oili inatoka. Akapeleka gereji ya barabarani. Fundi akang'oa distributa, akabadilisha mpira, akarudisha. Gari likawaka. Fundi akalegeza bolti, akaizungusha distributa huku na huku, akainamisha kichwa kusikiliza, na injini ilipochangamka akakaza. "Sikiliza mwenyewe mzee, inaimba." Mjomba akalipa, akashukuru, na kusema kweli hata mimi niliyekuwepo niliona inaimba.

Kesho yake asubuhi tukashuka Ruaha Mbuyuni, tukapakia vitunguu, tukaanza kuupanda Kitonga. Kwa msiofika huko, Kitonga ni mlima wenye kona kali kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, na malori hupanda pale kwa mwendo wa kinyonga. Tulipofika kwenye mwinuko wenyewe injini ikaanza mlio kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mjomba akasema ni mafuta mabaya, akakanyaga zaidi ili tumalize mlima haraka. Mshale wa joto ukapanda. Kabla hatujafika juu nguvu ikakatika, moshi wa bluu ukajaa nyuma yetu, na pikapu ikaanza kutetemeka kama ina homa. Tuliegesha pembeni, tukaweka matawi barabarani, tukaanza kutafuta gari la kuokoa vitunguu.

Pikapu ilivutwa mpaka Iringa mjini, kwa fundi mmoja mzee ambaye mjomba alielekezwa. Injini bado iliweza kuwaka kwa kuchechemea. Mzee yule hakukimbilia kufungua kitu. Alitoa kwenye boksi lake taa yenye umbo kama bastola, akabana waya wake kwenye waya wa plagi namba moja, akamulika puli ya mbele. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo: "Aliyerudisha hii distributa aliweka nyuzi ngapi?"

Mimi na mjomba tukatazamana. Hatukujua kama kuna namba. Mzee akatuonyesha: alama ya kwenye puli ilikuwa imepita mwisho wa kipimo kilichochorwa kwenye kava ya injini. Cheche ilikuwa inawahi mno. Alipofungua injini tukaiona pistoni yenyewe, ukingo wake wa juu umelika kama mkate uliotafunwa na panya.

Sasa ndugu zangu tuliokaa darasani miaka mitatu minne tukatoka na joho, wangapi tunajua taimingi ni nini hasa? Mimi sikujua. Nilikuwa nalitumia neno hilo kama kila mtu anavyolitumia, "gari halina taimingi", bila kujua nasema nini. Naomba niwape darasa nililopewa na mzee huyo nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda haulipuki papo hapo plagi inapotoa cheche. Unaungua, na kuungua kunahitaji muda. Tuchukulie muda huo ni sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini injini nayo haisubiri. Injini ikiwa sailensa, tuseme inazunguka mara 750 kwa dakika, katika muda huo krenki inakuwa imezunguka nyuzi 9. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, katika muda ule ule krenki inakuwa imekwenda nyuzi 36, yaani sehemu ya kumi ya duara zima. Kwa hiyo ukitaka msukumo mkubwa umpate pistoni akiwa ndiyo kwanza anaanza kushuka, lazima cheche itoke kabla hajafika juu. Ndiyo maana ya zile nyuzi. Injini nyingi za kabureta za enzi zile zinawekwa kati ya nyuzi 5 na 10 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa sailensa, na namba kamili ya gari lako imeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko ndani ya boneti. Mwendo ukiongezeka, ndani ya distributa kuna vyuma viwili vinavyotanuka kwa mzunguko na kuiwahisha cheche zaidi, na kuna kimpira cha vakyumu kinachosaidia unapokwenda taratibu bila mzigo.

Cheche ikichelewa, moto unaungua wakati pistoni ameshakimbia. Gari linakosa nguvu, linakunywa mafuta, ekzosi na injini vinapata joto. Cheche ikiwahi mno ni hatari zaidi. Shinikizo linapanda wakati pistoni bado anapanda, mchanganyiko uliobaki kwenye pembe za silinda unalipuka wenyewe kwa joto na mkandamizo, na hapo ndipo unapousikia ule mlio wa misumari kwenye kopo. Kila mgongo mmoja ni kama nyundo juu ya pistoni. Ukiendelea kukanyaga, alumini inayeyuka. Mjomba alikanyaga.

Zamani kazi hii ilikuwa ya dereva. Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, lilikuwa na kijiti chini ya usukani cha kuwahisha na kuchelewesha cheche, na dereva alikivuta mwenyewe kadiri mwendo ulivyobadilika. Mfumo wa betri, koili na pointi uliotengenezwa na Charles Kettering uliwekwa kwenye Cadillac za 1910, na magari ya dunia nzima yaliishi na mfumo wa namna hiyo kwa miongo mingi. Baadaye dereva aliondolewa ile kazi, lakini namba haikuondoka. Namba ilihamia kwa fundi.

Na sasa nifike kwenye hoja yangu. Watu wengi mjini wanaamini kwamba fundi hodari ni yule anayeset taimingi kwa sikio. Tunamsifu. "Yule jamaa hahitaji mashine, anasikiliza tu." Mimi nasema sifa hiyo inatugharimu injini.

Sababu iko wazi ukishaelezwa. Injini ikiwa sailensa, haina mzigo, ukiiwahisha cheche inazunguka kwa kasi zaidi na mlio wake unakuwa mzuri. Kwa hiyo anayesikiliza atazungusha distributa kuelekea upande unaoipendeza injini iliyosimama, na upande huo karibu kila mara ni wa kuwahisha. Kugonga hakusikiki pale gereji, kwa sababu gari halijabeba kitu na halipandi popote. Kugonga kunasubiri Kitonga. Sikio halikosei leo huku na kesho kule. Linakosea upande mmoja, na ndio upande unaotoboa pistoni.

Ongezeni na suala la mafuta. Wengi mnakumbuka jinsi neno uchakachuaji lilivyotawala vinywani mwetu mwaka 2010. Mwaka huo EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana waliokuwa wanachanganya petroli na mafuta ya taa, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili biashara hiyo isilipe. Mafuta ya taa yana okteni ndogo, maana yake yanawahi kulipuka yenyewe yakikandamizwa. Injini iliyowekwa nyuzi sahihi inaweza kuvumilia mafuta dhaifu kidogo. Iliyowahishwa kwa sikio haina pa kuegemea. Mjomba alilaumu mafuta kwa sababu tumezoea kulaumu mafuta, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu kingine cha kuuliza.

Injini iliporudi, nilimwomba mzee anionyeshe kazi inavyofanywa tangu mwanzo. Nawaandikia kwa kifupi mjue si uchawi.

Kwanza alitoa plagi namba moja, akaniambia niweke kidole gumba kwenye tundu lake huku yeye akizungusha krenki kwa spana. Upepo uliposukuma kidole changu akasema, "Hapo inakandamiza." Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, mara moja ikikandamiza na mara moja ikitoa moshi, na ukikosea hapo distributa itakaa kinyume kabisa na gari halitawaka, au litapiga kwenye kabureta. Akaendelea mpaka alama ya puli ikafika ilipotakiwa.

Pili, alishusha distributa. Gia yake imekatwa kwa mshazari, hivyo rota huzunguka kidogo inapozama. Inabidi uanze na rota iliyorudi nyuma kidogo ili ikifika chini itazame waya wa plagi namba moja. Chini kabisa kuna ncha ya shafti ya pampu ya oili inayopaswa kuingia kwenye mkato wake. Isipokaa, unaigeuza kwa bisibisi ndefu. "Wenzetu wanaigonga na nyundo," mzee akasema, akacheka bila furaha. Kisha waya za plagi, kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kufuata upande ambao rota inazungukia.

Tatu, alipima uwazi wa pointi kabla ya kugusa taimingi, kwa kuwa uwazi ukiongezeka pointi zinafunguka mapema na nyuzi zinabadilika. Anayeset taimingi kwanza na pointi baadaye amefanya kazi bure.

Nne, aliwasha injini mpaka ikapata moto, akashusha sailensa, akachomoa mpira wa vakyumu na kuuziba, akamulika taa. Taa inawaka kila plagi namba moja inapopiga, hivyo alama ya puli inaonekana kama imesimama wakati puli inazunguka. Akazungusha distributa polepole. Kuigeuza kinyume na rota inavyozunguka kunawahisha, kuifuata rota kunachelewesha. Alama ikakaa kwenye namba ya kitabu, akakaza bolti, akamulika tena, maana bolti ikikazwa huweza kuisogeza. Mwisho akakanyagisha mafuta kidogo nione alama ikihama kuwahi. Isipohama, vile vyuma vya ndani vimekwama.

Baada ya hapo ndipo akainamisha kichwa kusikiliza! Nikamuuliza, mzee, kumbe na wewe unatumia sikio? Akanijibu, "Kijana, sikio linaniambia kama kuna ugonjwa. Dozi siwezi kupima kwa sikio." Kazi yote, ukiacha kusubiri injini ipate moto, haikufika nusu saa.

Najua kuna mtakaosema, wewe mwandishi unaishi karne gani, magari ya siku hizi hayana distributa, kompyuta inapanga yenyewe. Ni kweli kwa gari lako la mkopo. Lakini vitunguu unavyokula Kinondoni havikuanza safari kwenye gari lako. Vilianza kwenye pikapu kama ya mjomba. Na hata kwenye hayo ya kompyuta ugonjwa ni ule ule. Ni mara ngapi umebadilishiwa sensa tatu kwa kubahatisha, kila moja umelipia, na taa ya injini bado inawaka?

Kuna watakaosema nawaonea mafundi wa chini ya mwembe. Hapana. Yule wa kwanza hakuwa mwizi. Alibadilisha mpira vizuri, oili haikuvuja tena. Alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, naye hivyo hivyo. Lakini tujiulize na sisi wateja. Tunafika gereji tuna haraka, tunapunguza bei ya ufundi kama tunanunua mchicha, tunataka gari ndani ya dakika kumi, na tukisikia limenguruma tunaondoka. Fundi atanunua taa kwa sababu gani kama hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumwomba namba? Ujuzi upo. Vijana wanaopita VETA wanaijua taa hiyo, na VETA wana utaratibu wa kupima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mtaani. Kinachokosekana ni mtu wa kudai.

Kwenye chumba chetu cha habari, ukipeleka stori yenye neno "inasemekana" mhariri anakurudishia. Anauliza nani kasema, nani kahesabu, karatasi iko wapi. Nimekasirishwa na maswali hayo mara nyingi, na mara nyingi yameniokoa. Taimingi ya sikio ni "inasemekana" ya gereji. Inaweza kuwa kweli. Lakini usipandishe nayo mlima ukiwa na mzigo wa watu.

Mjomba amerudi barabarani. Pistoni, ringi, gasketi na ufundi vimelipwa kwa mkopo wa kikundi, na ada ya muhula huu ya binti yake imelipwa nusu. Siku naondoka nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia marahaba huku ameshika kipande cha boksi. Alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu namba ya nyuzi aliyopewa na mzee, anakibandika ndani ya boneti kwa gundi.

Wewe huna haja ya kununua taa. Siku fundi atakapoifungua distributa ya gari lako, la baba yako, au la mtu anayekuletea mzigo, kabla hujatoa hela muulize kwa heshima swali moja tu: fundi, umeweka nyuzi ngapi? Akikujibu namba, mlipe vizuri na umwongezee ya soda. Akikwambia inaimba, usiondoke.